Nikimwasha Baba Anauza Kibanja, Nikimzima Anamlilia Mama

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana nusu ya ukoo wetu wanashinda humu kwenye ukurasa wako. Nina miaka arobaini na moja, niliachika. Nilikuwa naishi Ijuganyondo, Bukoba, nikishona nguo. Mama alipofariki nilifunga cherehani nikarudi nyumbani Kagoma, Muleba, kumuuguza baba. Mama tulimzika kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba, hatua chache nyuma ya nyumba.

Baba alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa za kutafuna, na mwenye nyumba ndiye huzitoa kwa mkono wake. Baba akitoa, zinamwagika sakafuni. Wageni wanaziokota, wanatafuna na kushukuru kama vile hakuna kilichotokea, na baba anaona aibu mpaka anatokwa na machozi. Kila jioni nilimshika mkono tukaenda kaburini kwa mama. Alikuwa akiniambia, "Mwana wange, hapa msiuze hata mgomba mmoja. Na mimi mtanilaza hapa."

Mwaka jana kaka yangu anayefanya kazi nje alimpeleka India. Walimtoboa fuvu wakaingiza nyaya nyembamba kwenye ubongo, na betri wakaifukia chini ya ngozi ya kifua. Mimi nilikabidhiwa rimoti yake, ndogo kama kitochi. Ukiwasha, mikono inatulia. Siku aliyotoa kahawa bila kudondosha hata punje moja nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha.

Lakini jamani, aliyerudi si yule aliyeondoka. Huyu anacheka na kila mtu, hakai nyumbani, na mama hamtaji kabisa. Tulimpigia daktari, akasema umeme ule wakati mwingine unabadilisha tabia, tumrudishe wakaupunguze. Baba akakataa katakata. "Wapunguze nini? Tangu nizaliwe sijawahi kujisikia mzima hivi."

Mwezi uliopita akatangaza kwamba anauza kibanja kwa mtu anayetaka kujenga gesti. Nikamuuliza, "Taata, na mama je?" Akasema, "Tutamhamishia makaburi ya kanisani. Aliyekufa hajui yuko wapi." Nilimpigia magoti, akanipita akaenda zake Muleba mjini.

Nikakimbilia kwa baba mdogo ili ukoo umzuie. Nikamweleza alichokuwa akisema baba kila jioni kaburini. Baba mdogo akanijibu, "Wakati ule hata kijiko kilimshinda kushika, maneno yake tungeyashika vipi? Sasa kaka amesimama wima. Neno lake ndilo hilo." Wazee wanakuja Jumamosi hii kushuhudia mauzo.

Sasa naungama. Jumatano baba alikuwa amekaa kitandani, nikamdanganya kwamba napima betri, nikamzima. Haikuchukua muda, mikono ikaanza, uso ukakakamaa. Akageukia dirishani, upande wa kaburi, machozi yakamtoka. Akasema kwa kile kisauti chake cha zamani, "Mama yako nimemfanyia nini mimi? Usiniwashe mpaka hao wazee waje na waondoke." Nilimkumbatia. Nilikuwa nimemkumbuka sana, ndugu zangu. Lakini mwili ulizidi kukaza, mate yakamshinda kumeza, akawa anakoroma kwa maumivu. Sikuweza kuvumilia, nikawasha.

Alipotulia alinitazama usoni. Hakuwa amesahau kitu. Akasema, "Yule aliyelia si mimi, ni ugonjwa ulikuwa unalia. Ukinizima tena utakuwa umeniua." Alisema polepole, mikono yake imetulia juu ya magoti.

Na niseme ukweli wote, nisijifanye malaika. Mimi naishi kwenye kibanja hicho, kikiuzwa sina pa kwenda. Kwa hiyo sijui kama nilimzima ili nimsikie yeye, au ili nisikie ninachokitaka mimi.

Jana jioni nilienda kaburini peke yangu. Baba akapita pale pale akipiga mluzi, akaniuliza kama nimeiona kofia yake.

Jumamosi atawatolea wazee kahawa. Nikimwacha hivi alivyo, mama anafukuliwa na mume aliyemlilia kila jioni. Nikimzima, nitakuwa namtesa mzazi wangu, kahawa zitamwagika mbele ya ukoo mzima, na watasema yale yale, kwamba anayetetemeka hana neno. Rimoti ninayo hapa kwenye mfuko wa gauni. Nishaurini, nifanye nini? Baba wote wawili wananiita mwana wange, mmoja ananiomba nisimwashe, mwingine nisimzime.