Vitambaa Vyekundu Kando ya Malka

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu wa Garsen alinikabidhi mbao mbili zenye mikanda pamoja na kifurushi cha vitambaa vyekundu. Mbao zilikuwa za kubania mimea: unaipanga kati ya karatasi, unakaza mikanda, nayo inakauka bila kukunjamana.

Miaka hiyo ya hamsini tulitafuta okidi ya pori kavu. Huota juu ya miti, mashina yake kama vipande vya muwa, na baadhi ya mizizi huelekea juu mithili ya sindano, ikinasa majani yanayoanguka. Bila ua hatukuweza kuitambua kwa hakika. Kwa hiyo, ukiikuta haijachanua, ulifunga kitambaa mtini ili urudi baadaye.

Nyingi nilizikuta kando ya malka, njia ambayo Waorma hupitishia ng'ombe kwenda mtoni wakati wa kiangazi. Niliporudi, vitambaa vyote vilikuwa vimekatwa. Alikuwa amevishika Mzee Barisa, mfugaji wa upande ule, akiwa na wenzake.

“Hii nguo yako?”

“Ya kazi, mzee. Ni alama ya ua.”

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. “Serikali inalipa mtu atafute ua? Ng'ombe halili, mbuzi halili. Kwingine walianza na kitambaa, halafu nguzo, halafu askari. Malka ikifungwa, ng'ombe wangu watakunywa ua lako?”

Nilimpelekea Bwana Misitu habari hiyo.

“Mwambie ni maua tu,” akasema.

“Na malka haitafungwa, Bwana?”

Akaendelea kufuta miwani. “Wewe umeajiriwa kutafuta maua.”

Jibu hilo halikunitosha. Nilirudi kwa Mzee Barisa, nikamwambia sitafunga tena kitambaa.

“Na ua?”

“Wachungaji wako wakiliona, waniite.”

“Tutakuita. Lakini utakuja na mimi, na hizo mbao nitazifungua mwenyewe, nione kilichomo.”

Ua lilipochanua, la manjano lenye madoa ya kahawia, aliniita. Alikagua karatasi moja moja kabla sijakaza mikanda.

Bwana Misitu alihamishwa bila kunijibu. Malka ilibaki wazi hadi nilipostaafu. Vijana wa kazi hii huniambia wazee wale walikuwa wagumu bure. Mimi huwauliza: kama lilikuwa suala la maua tu, kusema “haitafungwa” kulikuwa na ugumu gani kwa Bwana Misitu?