Kaseti Zilizorudi Kakuma

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ni mtu wa zilipendwa. Nimekana kwa mdomo na nimekana kwa maandishi. Niliwahi kuandika makala nzima gazetini kuwacheka watu wa rika langu wanaokusanyika Jumapili alasiri mbele ya nyama choma, gitaa likianza wanafumba macho, kisha wanaapa kwamba muziki ulikufa zamani. Niliandika kwamba kilichokufa ni magoti yao. Wasomaji walicheka, nami nikajiona mtu mwenye akili.

Ukweli ni kwamba siwezi kuondoka mahali wimbo wa zamani unapopigwa mpaka uishe. Kwenye harusi za watu nimesimama mlangoni, mkoba begani, nimeshaaga kila mtu, na bado sitoki. Wala si wimbo ninaoungoja. Nangoja kile kinachofuata. Wimbo unapokwisha, kwa muda mfupi kama wa kuvuta pumzi, nategemea kumsikia mama yangu akikohoa, akisogeza kikombe na kuanza kuzungumza. Badala yake DJ anaweka wimbo mwingine. Hapo ndipo naondoka, na watu wanasema nina maringo.

Mama alikuwa na hoteli ya chai Kakuma, kando ya barabara inayopanda kwenda Lokichoggio. Ilikuwa na mabenchi, sufuria kubwa nyeusi, na redio kaseti iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo ili isiondoke na wateja. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa chuo kikuu Nairobi nikisomea fasihi, yaani nikifundishwa kusoma kwa makini mambo ya watu nisiowajua. Kama ningemwandikia mama barua, angelazimika kumpa mtu mwingine amsomee, naye hakutaka mtu yeyote pale hotelini ajue habari zetu. Kwa hiyo tulitumiana kaseti. Madereva wa malori waliokunywa chai kwake walizibeba na kuziacha kwa mwenye duka mmoja karibu na hosteli yetu. Hatukuwa peke yetu. Watu wengi wa kwetu walifanya hivyo, na watu wa kambi ya wakimbizi pia. Nadhani yalikuwapo malori yaliyobeba salamu nyingi kuliko mahindi.

Kaseti tupu zilikuwa adimu Kakuma. Mama alinunua zile zenye rumba, kopi iliyotolewa kwenye kopi, akarekodi juu yake. Lakini wimbo wa kwanza hakuugusa kamwe. Kwake, kumvamia mtu kwa maneno kabla hajatulia ilikuwa kukosa adabu. Mgeni anakaa kwanza, anapewa chai, ndipo anaulizwa habari za mifugo. Wimbo wa kwanza ndio ulikuwa chai yangu. Gitaa lilijivuta taratibu, mwanamume akamlalamikia mwanamke aliyemwacha, tarumbeta zikaingia na kutoka. Kisha kitufe kikalia, kikohozi, kikombe, halafu sauti yake ikinijulia hali kwa Kiturkana: "Ejok?" Baada ya hapo alinyamaza kidogo ili nipate nafasi ya kujibu. Nami, peke yangu chumbani Nairobi, nilijibu.

Tulikuwa na utaratibu. Ukishasikiliza, unarekodi jibu lako juu ya maneno ya mwenzako, baada ya wimbo uleule wa kwanza, halafu unairudisha kaseti. Ukimaliza kusema huzimi. Unaiacha redio irekodi mpaka upande uishe, ili mwenzako asikie mahali ulipo. Hivyo ndivyo nilivyozisikia breki za malori ya Kakuma na mbuzi waliofukuzwa jikoni, huku madaftari yangu yamefunguliwa mbele yangu. Haikunipitia akilini kwamba kuna kitu kinafutwa. Ulikuwa umeulizwa, ukajibu. Maswali ya jana yangewekwa ya nini?

Kitu alichopenda kunisimulia zaidi ni filamu. Jirani na hoteli palikuwa na kibanda cha video, chenye jenereta iliyopiga kelele kuliko waigizaji. Jioni akishafunga, mama aliingia kutazama filamu za Kihindi, zile ndefu, za zamani hata kwa wakati ule. Lugha hakuielewa, na maandishi ya chini hayakumsaidia kitu, kwa hiyo alizielewa kwa Kiturkana. Kijana alipomkimbilia msichana kati ya maua akimwimbia, mama alimsikitikia kwa ujinga wake.

"Anaimba, anaimba," aliniambia, "na baba ya msichana amekaa pale na masharubu yake, anangoja ng'ombe. Huyu hana hata mjomba wa kumwambia? Apeleke ng'ombe, waache kutusumbua."

Msichana alipoolewa na tajiri, mama alitangaza kwamba tajiri ameshinda kwa haki, kwa sababu yeye angalau alionekana ana mali. Kisha akalia. Nilimsikia kabisa akilia kwenye kaseti kwa ajili ya yule mjinga asiye na ng'ombe, na nyuma yake mteja akauliza kama chai imekwisha. Hayo ni maneno yake kwa Kiswahili changu. Kwa Kiturkana chake yalikuwa matamu zaidi. Nimefundisha uhakiki kwa miaka mingi na bado sijasikia uhakiki wa filamu unaoufikia ule.

Halafu simu zikafika Kakuma, kaseti zikaisha kazi. Tukawa tunapigiana kila Jumapili baada ya kanisa, naye akanisimulia mambo yake huku akinikumbusha kwamba simu si kaseti, maneno yanakwisha haraka. Hakuna mtu aliyerekodi. Nani anamrekodi mama yake akiuliza kama umekula? Na simu zenye kamera zilipoingia mikononi mwetu, kiharusi kilikuwa kimeshampitia. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, nyumbani kwa mdogo wangu Lodwar, akielewa kila tulichosema na asiweze kutamka neno. Tuna video zake nyingi. Katika zote anatutazama tu.

Alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi, nilipokuwa napanga nguo zake na mdogo wangu, tulikuta kaseti chini kabisa ya sanduku lake la bati, zimefungwa ndani ya shuka kuukuu. Mdogo wangu, ambaye ana duka la vifaa vya pikipiki na hajawahi kunisamehe kwa kusoma kuliko yeye, aliipindua moja mkononi, akasoma jina la bendi lililofifia.

"Dada, si wewe uliandika kwamba hizi ni ugonjwa wa magoti?"

Nilimwambia anyamaze, hajui kilichomo. Akasema anajua, ndiyo maana ananichokoza, la sivyo atalia. Alikuwa mdogo sana wakati wa kaseti, na alikuwa shuleni Lorugum, akilala bwenini. Watoto wake wamekua na bibi asiyesema. Mmoja aliwahi kumuuliza kama bibi alizaliwa hivyo.

Mimi nilikuwa na shida nyingine ambayo sikumwambia. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kunitoroka. Maneno yake nilikuwa nayo yote, hata yale ya masharubu, lakini nilipoyarudia kichwani niliyasikia kwa sauti yangu mwenyewe, sauti hii ya darasani. Nilitaka kumsikia mara moja tu. Sikuhitaji aseme jambo kubwa. Angesema tu sukari imepanda bei, ningeridhika.

Nikapiga hesabu kama msomi. Kaseti hizi zimebaki kwake, simu zilipoingia. Basi lazima ni majibu aliyokwisha kurekodi na ambayo hayakupata lori. Mantiki ilikuwa safi kabisa, na niliieleza kwa mdogo wangu kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu. Akaamini. Akawaambia watoto kwamba bibi atazungumza. Akanunua spika, ile ya kuchomeka kadi ambayo tungeihamishia sauti yake, akaiweka juu ya kabati na kuwakataza kuigusa.

Tatizo lilikuwa mashine. Redio tuliyoipata Lodwar ilimeza mkanda wa kaseti ya kwanza, nikauvuta nje na kuurudisha kwa kalamu ya biki. Watu wakanielekeza kwa fundi mmoja Mkongomani huko Kakuma, kambini, anayehamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye kaseti na kuziweka kwenye kadi za simu. Nikaenda. Laga, ule mto wa msimu unaokatiza barabara, ilikuwa imeteremsha maji siku hiyo na tulikaa ukingoni muda mrefu tukingoja yapungue, kifurushi kikiwa mapajani mwangu kama mtoto mgonjwa.

Fundi alikuwa mtu mzima kama mimi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kibanda chake kilijaa redio zilizopasuliwa, na rumba ilikuwa ikicheza kwa sauti ya chini. Aliuliza natafuta nyimbo gani. Nikasema mimi si mtu wa nyimbo.

Akacheka. "Mama, batu bote banakuya hapa banasema hivyo. Halafu banakaa pale pale wewe umekaa, banalia."

Nikamwambia mimi ni mwandishi. Akasema waandishi ndio wanaolia zaidi, na wanachelewa kulipa. Basi nikamweleza utaratibu wetu: wimbo wa kwanza, kikohozi, mama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akapunguza rumba yake mpaka ikanyamaza. Alizikagua kaseti moja moja kwenye mwanga wa mlango, akazigeuza, akapitisha kidole juu yake, na mara mbili alitaka kusema kitu akaacha. Alisema zimekula mchanga na joto kwa miaka mingi na hazitaki haraka. Atafungua kila moja, asafishe, abadilishe kilichooza, ndipo asikilize. Nimwachie, atanipigia.

Nikarudi Lodwar kungoja. Ningependa kusema nilingoja kwa utulivu. Nilikuwa nikienda na simu hata bafuni. Watoto wa mdogo wangu waliniuliza kila nilipofika bibi atasema nini, nikawaambia atawaambia habari ya kijana asiye na ng'ombe, na wakataka kujua kama hatimaye alipata hao ng'ombe. Nikasema tungoje tumsikie mwenyewe.

Fundi alipiga adhuhuri moja, nikiwa sokoni mbele ya samaki wakavu wa kutoka Kataboi. Alisema amemaliza zote.

"Anasema nini?" nikamuuliza. Hata salamu sikumpa.

Akauliza kwanza kama nina mahali pa kukaa. Nikakaa juu ya ndoo ya muuza samaki.

"Wimbo wa kwanza iko kwa kila moja, muzuri kabisa," alisema. "Wimbo ikiisha, kunakuya sauti ya mutoto mwanamuke. Anasema mbio mbio. Analalamika chakula ya shule, analalamika baridi. Kwa moja anaomba viatu. Akimaliza, minasikia milango, minasikia basichana banacheka, mpaka mwisho."

"Zote?"

"Zote, mama. Ni wewe. Minakusikia sasa kwa simu na minamusikia yule, ni mutu mumoja. Wewe umechoka kidogo tu."

Nilimuuliza kama amesikiliza upande wa pili. Amesikiliza. Nilimuuliza kama amefika mwisho kabisa, pale mkanda unapokwisha. Amefika, alisema, na zingine amezirudia. Alisema pole. Kisha akasema kuna kitu aliona siku ile ya kwanza akaogopa kunieleza kabla hajawa na hakika. Juu ya kila kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, mashine inakataa kurekodi tena juu yake.

"Hizi zako zote zimevunjwa," alisema. "Hazikuanguka. Mutu ametumia kisu, pole pole, moja moja. Mama yako hakutaka ufutwe."

Muuza samaki aliniuliza kama nina msiba. Nilitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kukataa.

Kila kaseti mpya ya mama, katika miaka ile, ilianza na malalamiko yaleyale: ile uliyonitumia imeharibiwa na joto, nimelazimika kununua nyingine. Nami nilimhubiria kwenye majibu yangu, na sasa hayo mahubiri yapo, safi, kwa sauti yangu ya msichana mjuaji, kwamba kaseti hazianikwi juani. Hakuna iliyoharibika. Alikuwa akiniweka sandukuni na kwenda dukani kununua rumba nyingine ya kunijibia. Mimi nikayasikiliza majibu hayo mara moja, nikafuata utaratibu, nikazungumza juu yake, nikayarudisha. Hakuniambia niziweke. Pengine alidhani nami nanakili kwanza maneno yake kwenye zingine, huko Nairobi kunakopatikana kila kitu.

Fundi alikuwa bado kwenye simu. Aliuliza, kwa upole, kama nitazichukua kaseti zenyewe au nimwachie, kwa sababu akiziba yale matundu kwa karatasi ya gundi zinarekodi tena, na wapo watu wanaozitafuta. Nikamwambia asizibe.

"Na kwa kadi? Niweke nyimbo peke yake, ao na ile sauti?"

"Weka vyote. Usikate kitu," nilisema. "Kuna watoto wanangoja."

Akauliza wanangoja kumsikia nani. Nikamwambia aweke tu, nitapanda Alhamisi kuzichukua.