Kaka Ndiye Anayechinja Kuku Wetu, Lakini Yeye Hawali

Bwana Mtengenezaji wa gazeti hili, kisa changu kitoe, jina langu liache, maana huku kwetu gazeti moja husomwa na kijiji kizima.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto, nakaa kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Mnero. Nilikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya karanga. Kazi ilipopunguzwa nikarudi nyumbani, tukaanza kufuga majogoo wa nyama mimi, mke wangu, mama yangu na kaka yangu. Tunawalisha pumba za mtama, mashudu ya ufuta na mchwa. Alfajiri ya siku ya soko kaka anachinja, kwa kuwa yeye ndiye anayetusalisha msikitini. Mama anachovya kwenye maji ya moto, mke wangu ananyonyoa, mimi napasua na kuosha. Kisha nafunga nyama kwa majani ya mgomba, napanda baiskeli hadi Nachingwea kwa Mwislamu mmoja mwenye hoteli. Hajawahi kuniuliza kuku amechinjwa na nani. Ananiamini.

Masika yaliyopita kideri kiliingia, kuku wa majirani wakateketea. Wetu nao wakaanza kusinzia, kuharisha kijani na kupinda shingo. Lakini mizoga sikuiona. Nikamwuliza mama, akasema, "Nimeitupa porini. Ulitaka nikuwekee?"

Siku moja nikipasua kuku nikaona nyama imekuwa nyeusi, damu imeganda ndani. Mguu mmoja ulikuwa umepungua kidole kimoja. Jogoo huyo nilimjua. Jioni iliyotangulia nilimwacha chini ya tenga amelala ubavu, nikajua hafiki asubuhi. Nikamfukia kimyakimya, wengine nikawapeleka, na njia nzima nilikuwa nageuka kutazama mzigo wangu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia. Mama akipika kuku nyumbani, kaka anavuta sahani ya majani ya kunde, anasema tumbo haliko sawa. Akipika tena, tumbo lile lile. Nikajiuliza, mtu anachinja kwa mkono wake, mbona anaogopa kula?

Basi nikaaga naenda kupalilia mikorosho, nikarudi kwa nyuma ya jiko. Mama ameshika jogoo, shingo inaning'inia. Kaka akapitisha kisu. Damu haikuruka, ilichuruzika kidogo tu.

"Kaka, huyo alikuwa hai?"

Hakunitazama. "Alikuwa anapepesa jicho."

"Mimi sikuliona jicho likipepesa."

Mama akadakia, "Umetoka kwenye matrekta, leo unamfundisha kaka yako dini? Kuku wote wakifa, wanao watakula nini?"

Kaka akafuta kisu kwenye majani. "Mdogo wangu, aliyechinja ni mimi. Dhambi ikiwapo, ni yangu."

Maneno hayo ndiyo yanayonikereketa. Kama jicho lilipepesa, dhambi inatoka wapi?

Mwenye hoteli nimemwambia kideri kimetumaliza, sipeleki tena. Amenipa pole, nikashindwa kumtazama usoni. Mama hasemi nami ila kwa kupitia watoto.

Sasa mama mkwe wangu amefariki kwao Mbwemkuru, na wakwe wameomba majogoo wetu waliosalia wawe kitoweo cha hitima. Mama yangu ameamua wachinjwe hapa kwetu, nyama ikaangwe, ndiyo isafirishwe. Kaka amekubali. Juzi mke wangu, ambaye sijamweleza lolote, alikuwa anakunja khanga zake za safari, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, kuku wa hitima ya mama uchinje wewe."

"Kwa nini?"

"Uchinje wewe tu."

Tangu siku hiyo namtazama na yeye. Miezi yote hiyo alikuwa ananyonyoa. Ameona nini, na amenificha nini?

Nikishika kisu mimi, kijiji kitauliza kwa nini imamu wao amewekwa kando, na jibu litamvua kaka heshima mbele ya watu anaowasalisha. Nikimwachia, nitakaa kati ya wafiwa niwatazame wakila, huku sijui wanakula halali au kibudu. Na yule wa hoteli, nimwendee nimwambie alichokuwa akiwapikia Waislamu wenzake, na hali mimi mwenyewe sina hakika?

Wasomaji wenzangu, nimekwama, na hitima ni wiki ijayo. Nishaurini: kisu nikichukue, au nikiache mkononi mwa kaka?