Chuma cha Nyonga na Namba Yenye Desimali

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Tabora, nikisubiri majibu ya mashine ya MRI. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, daktari kijana alikuwa anamsomea majibu mzee mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku aliyekonda kama ufito wa bani la kukaushia tumbaku.

"Mzee wangu, mashine imepima msuli wa paja. Umejaa mafuta." Akaigonga karatasi kwa kalamu. "Namba hii hapa, na desimali zake. Punguza chipsi."

Mzee akalishika paja lake, akayatafuta hayo mafuta. "Labda ni kile chuma cha nyonga."

"Una chuma? Chuma kinavuruga vipimo vya hapo jirani! Mbona hukusema?"

"Niliulizwa vya mfukoni tu, mwanangu. Nikatoa funguo na kisu."

"Nani alikuwekea?"

Mzee akanyoosha fimbo dirishani, kwenye jengo la upasuaji, hatua chache tu. "Ninyi wenyewe, pale. Si imeandikwa kwenye faili hilo ulilowekea kiwiko?"

Daktari akainua kiwiko taratibu.

Watu wanaisifu mashine ile kwa desimali zake. Mimi naisifu kwa sababu, katika hospitali nzima, ni yenyewe tu iliyoshtukia kuwa mzee ana chuma.