Mwamba wa Angani na Mabati ya Ngosha

Jovinary, mwalimu wa fizikia huko Buswelu, alijiponza mwenyewe. Baada ya sala ya jumuiya aliwaambia majirani kwamba mwamba wa angani anaoukokotolea njia huenda ukaigonga dunia. Ngosha, jirani yake, akaacha kuezeka nyumba yake, mvua ikazinyeshea kuta mpya.

Kila asubuhi Ngosha alimngoja Jovinary getini. "Mwalimu, nipige bati au nisubiri?"

"Vipimo havijatosha."

Hatimaye vipimo vipya vya darubini vilifika. Vilionyesha kwamba mwamba utapita mbali kuliko mwezi. Jovinary, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwambia Ngosha habari hiyo.

"Na mingine je?"

"Ipo mingi. Bado tunaipima."

Ngosha akaweka nyundo chini. "Basi nasubiri."

Jovinary akashusha pumzi, akaiokota nyundo, akapanda ngazi mwenyewe.