Nilidhani Kocha Anamrubuni Binti Yangu

Kocha wa kuogelea wa chuo kikubwa kuliko vyote Minnesota alikuwa sebuleni kwangu Duluth, anakula keki yangu ya tufaha, na binti yangu kajifungia bafuni hataki kutoka.

Nilimdanganya yule kocha mama kwamba Britta anaumwa tumbo. Akatabasamu tu. Alijua.

Naitwa Renae Haglund. Britta ni mwanangu wa pekee, na tangu baba yake, Curt, afariki, tumebaki wawili. Wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwenye kuogelea hakukuwa na msichana wa kaskazini yote aliyemfikia. Vyuo vilikuwa vinamgombania.

Mgeni alipoondoka, Britta akatoka, akaniambia ameshaamua. Anaomba chuo kimoja tu, tena kwa ile njia ya mapema, ambayo wakikuchukua huna ruhusa ya kwenda kwingine. Kilichobaki ni saini yangu.

Chuo chenyewe sasa. Kachuo kadogo huko kusini, katikati ya mashamba ya mahindi. Bwawa lao nililiona kwenye simu, nikadhani la hoteli.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema anakipenda. Basi.

Hapo ndipo nikaanza kunusa kitu.

Nikagundua kocha wa huko, jamaa anaitwa Dwyer, anampigia simu kila mara. Simu ikilia, Britta anakwenda gereji, pale tunapoweka gari, kwenye baridi ile, na mlango anafunga.

Siku moja nikasogea pale mlangoni na kapu la nguo, ili nikikutwa niwe na la kusema. Nikatega sikio.

"Mama hajui," Britta alikuwa anasema. "Akijua itamuua."

Wewe ungefikiria nini?

Nilimweleza jirani yangu Jolene, akanitazama kama vile mimi ndiye ninayejifanya sioni. Alisema hapo kuna mwanaume anamchezea mtoto akili, na angekuwa yeye angeshamfuata zamani.

Jumamosi, Britta akiwa mazoezini, nikawasha gari kwenda kwa huyo Dwyer. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Njia nzima nilikuwa nampangia matusi.

Nilimkuta Dwyer kando ya bwawa. Siyo yule kijana mtanashati niliyemchora kichwani. Mzee wa miwani minene, amevaa kandambili, anakusanya maboya. Nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia aachane na binti yangu, la sivyo atakayefuata ni polisi.

Hakubisha. Alinivutia kiti.

"Bi Haglund, huyo mtoto simtaki kwenye timu," akasema. "Na yeye nimeshamwambia."

Nikakaa.

Akanieleza kwamba alimwona Britta kwenye mashindano ya kiangazi. Watu wote wanashangilia ushindi, yeye akaona msichana anashindwa kuinua mkono wa kulia avae fulana. Alipomfuata kumuuliza, Britta akaangua kilio palepale.

Bega lilikuwa limekwisha. Mwanangu alikuwa anameza vidonge vya maumivu ndipo aingie majini. Kwa daktari hakwenda, maana angelazimika kwenda na mimi.

Kile chuo alikichagua mwenyewe, kwa sababu ya masomo ya mifugo, na kwa sababu pale wangempokea hata asipogusa maji tena. Zile simu zote, Dwyer alikuwa anambembeleza aniambie ukweli. Alikuwa amempa mpaka mwisho wa wiki ile, akinyamaza atanipigia yeye.

Nikamuuliza kwa nini mtoto anifiche kitu kama hicho.

"Hilo muulize yeye," akasema.

Nilimkuta Britta jikoni, anakoroga supu kwa mkono wa kushoto. Hata sijui alianza lini. Nilikuwa naangalia simu yake, sikuwa nimeangalia mkono wake.

Nilimwambia nimetoka wapi. Akaweka mwiko chini.

"Baba alipokufa ulilala tu, Mama," akasema. "Huli, huogi, husemi. Siku uliyoinuka ilikuwa siku ya mashindano yangu. Ulivaa koti lako, ukaja ukapiga kelele kule jukwaani. Nikasema basi, nitaogelea."

Nikakaa sakafuni, naye akaja akakaa pembeni yangu.

Siku hiyohiyo nikaweka saini. Jumatatu tukaenda kwa daktari, na kabla ya Krismasi bega likafanyiwa upasuaji. Mashindano ya jimbo yakapita bila yeye. Walionipigia kuuliza, niliwaambia kweli tupu.

Sasa Britta yuko chuoni, kazi yake ni ng'ombe na matope. Mimi kila Jumatano naenda kanisani kwenye kikundi cha wafiwa. Msiba wa Curt ulikuwa wangu kuubeba, mtoto akaubeba kwa bega lake.

Mzazi mwenzangu, mtoto akianza kukuficha mambo, usikimbilie kutafuta nani anamharibu. Huenda anayelindwa ni wewe.