Mpishi wa Tauni

Sevjid alikuwa mpishi, ila wageni wake hakuwahi kuwaona kwa macho. Kila asubuhi, katika kituo cha maradhi pembezoni mwa mji mdogo wa magharibi ya Mongolia, alichemsha nyama ya ng'ombe mpaka ikaishiwa nguvu, akachuja supu, akatia chumvi kidogo na unga wa mwani ule unaogandisha, kisha akaimimina katika visahani vya kioo na kuviacha vipoe karibu na dirisha. Chakula hicho kilikuwa cha bakteria. Aliyesubiriwa hasa alikuwa mmoja, yule wa tauni, anayehamishwa na viroboto kutoka tarvaga mmoja hadi mwingine. Na tarvaga, wanyama wanene wa mashimoni, walijaa kwenye kila kilima. Tarvaga akiokotwa amekufa, au mtu akiugua kwa namna ya kutia shaka, tone la damu yake lilipakwa kwenye kisahani cha Sevjid, na kilichoota hapo ndicho kilichosema ukweli.

Watu wa mji walimwita Mpishi wa Tauni, naye hakukasirika.

"Wageni wako wamekula nini leo?" mwenye duka alipenda kumchokoza.

"Supu. Meno hawana, masikini."

Alikuwa mtu wa kupotelea mawazoni, Sevjid. Visahani vikianza kuganda, alivitazama kama mfugaji anavyotazama bonde baada ya mvua, kabla mifugo haijashushwa. Moyoni mwake vilikuwa malisho, yamelala kimya, yanangoja. Mara ngapi sufuria lilifurika nyuma yake naye hana habari! Daktari Uyanga, binti wa mjini aliyekuwa mkuu wa kituo, alimkaripia mwaka wa kwanza, kisha akachoka, akawa anapita tu na kupunguza moto mwenyewe.

Upotevu huo wa mawazo ulimwanza utotoni, kwenye nyasi, akimtazama kaka yake Damba akiwinda. Mwindaji wa tarvaga hajifichi. Damba alivaa nguo nyeupe na kofia yenye masikio marefu, akashika usinga wa mkia wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, akaenda akiruka-ruka na kuutikisa huku na huku, polepole, akiimba puani. Tarvaga alitoka shimoni, akasimama kwa miguu miwili, akalia, akataka kukimbia na asiweze, kwa jinsi alivyopenda kuona. Alitazama tu mpaka risasi ikamkuta. Sevjid naye, kifudifudi kwenye maua ya mwituni, alitazama asiweze kupepesa macho, na hakujua kama yuko upande wa kaka yake au wa mnyama.

Siku hizi uwindaji huo umepigwa marufuku, na kila mwisho wa kiangazi kituo hubandika matangazo: usimguse tarvaga, usimchune, usimle. Aliyeyabandika ni Sevjid. Na kila mwisho wa kiangazi Damba alivuka mto kutoka kambini kwake na gunia nyuma ya tandiko, na ndani ya gunia mlikuwa na nini, nyote mnajua. Figo la tarvaga huliwa bichi, lingali na joto, kwa kuwa linatia mwili nguvu za kukabili baridi. Mama yao aliwalisha hivyo, na mama yake alimlisha yeye. Mwanamke huyu aliyejua kuliko jirani zake wote kilichomo katika damu ile alilila figo hilo kila mwaka. Nikimfikiria hapo nataka kumshika mabega nimtikise. Lakini nimeishi na watu hawa, nami nimekula.

"Kula kabla halijapoa," Damba alimwambia mwaka ule, amechuchumaa nyuma ya jiko.

"Nimetoka kubandika tangazo sasa hivi, kaka."

"Basi nawa gundi kwanza."

Alicheka, akampa. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kisu kiliteleza wakati wa kuchuna, akasema, jambo dogo. Sevjid alikula, akafuta mdomo, akamsindikiza kwa macho mpaka farasi alipozama kwenye mwanga wa ng'ambo ya mto.

Siku chache baadaye akaja jirani wa kambini kwa farasi, ametumwa na Tsend, mke wa Damba. Damba alianguka farasi, akasema, bega limevimba, ana homa, hawezi kuinuka. Daktari Uyanga akachukua mkoba wake, na Sevjid akapanda gari naye, kwani mgonjwa alikuwa kaka yake. Njiani nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya dhahabu na harufu kali ya majani ya pakanga iliingia dirishani, na kwa muda Sevjid aliona kana kwamba gari limesimama na nyika ndiyo inayopita, taratibu, na kwamba hawatafika kamwe. Alitamani wasifike. Alikuwa ameshakumbuka kile kidole.

Ndani ya hema la sufu Damba alilala amekunja uso, midomo imepasuka. Kando yake palikuwa na vichupa vitupu. Tsend, aliyezoea kuwachoma kondoo sindano, alikuwa akimchoma penisilini iliyonunuliwa dukani, kama wanavyofanya wengi huko kwa kila ugonjwa.

Daktari aliinua mkono wa mgonjwa. Kwapani palikuwa na uvimbe mkubwa, mgumu, na Damba alipoguswa alilia kama mtoto.

"Baba, huku si kuanguka farasi. Umemgusa tarvaga?"

"Sijagusa."

"Umechuna? Umekula?"

"Nimesema nilianguka. Muulize farasi."

"Kama ni tauni, penisilini ni sawa na maji tu. Ninayo dawa yake, lakini nahitaji ukweli. Nikitangaza tauni, mji wote unafungwa. Usinifanye nikisie."

Damba akageuza macho, akamwangalia Sevjid. Jicho lilikuwa kali, jekundu, limetulia juu yake. Tsend aliinamisha kichwa. Sevjid aliona mbele yake jiko lake, visahani, dirisha, miaka yote ile, na jinsi mwenye duka atakavyomcheka. Halafu akamwona kaka yake akihema.

"Amechuna," alisema. "Alijikata kidole. Na mimi nimekula, daktari. Figo, bichi."

Damba akafumba macho. Sevjid alidhani ni hasira. Daktari alivunja kichupa cha streptomaisini, dawa ile ya tauni, akavuta, akachoma.

Wakapelekwa wote watatu kwenye nyumba ya kutengwa nyuma ya kituo, Damba chumba chake, Sevjid na wifi yake chumba cha pili, katikati ukuta wa mbao. Barabara za mji zikafungwa. Sevjid na Tsend walimeza vidonge asubuhi na jioni, wakalala, wakaamka, wakalala tena, maana humo ndani hapakuwa na kazi nyingine. Mchana ulikuwa mrefu na mweupe. Nyuma ya mbao Damba aliimba puani, wimbo ule wa kumvuta mnyama, na Sevjid katika usingizi wake mwepesi alijiona amesimama mlangoni mwa shimo, jua usoni, akikingoja kitu cheupe kinachokuja kikicheza. Alijua anapaswa kukimbia. Kilipendeza mno.

Asubuhi moja aliamka, na ng'ambo ya mbao palikuwa kimya. Bakteria walikuwa wameshaingia katika damu yote kabla sindano ya kwanza haijachomwa, daktari akaeleza kupitia dirishani, barakoa usoni, macho yamevimba. Alimzika mwenyewe pamoja na watu wa kituo, kwa chokaa, mbali, kama sheria inavyotaka. Mke na dada hawakuruhusiwa kutoka.

Kesho yake daktari alirudi, akainua simu yake mbele ya kioo ili Sevjid aone picha. Kilikuwa kimoja kati ya visahani vyake. Vidoa vidogo vya kijivu vilikuwa vimeenea pande zote, vingi, vimebanana kama kundi la kondoo mtu akilitazama kutoka kileleni. Jambo la kwanza Sevjid alilohisi lilikuwa fahari: wamekula vizuri. Jambo la pili lilikuwa aibu, kwani kundi lile lilitokana na tone lililovutwa kwapani kwa Damba. Halafu akaona kwamba mahali pamoja, kukizunguka kipande kidogo cha karatasi, palikuwa na duara pana, tupu, safi.

"Karatasi hiyo ina dawa niliyomchoma," daktari alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeisogelea."

"Kwa hiyo ilikuwa inawaua."

"Ilikuwa inawaua, dada Sevjid. Ilichelewa tu."

Tsend, aliyekuwa kitandani amejifunika, akainuka akakaa.

"Nilitaka kukuita homa ilipoanza," alimwambia wifi yake. "Nilishavaa viatu. Akanishika nguo. Akasema, Sevjid akijua itabidi aseme, na akisema wataulizana nani alikula naye, na watamfukuza. Ile kazi ndiyo raha yake, akasema, mwache na visahani vyake. Mimi nitapona kwa penisilini. Nikavua viatu."

Lile jicho jekundu pale hemani, alilolibeba Sevjid siku zote hizi kama laana, lilikuwa likimsihi anyamaze kwa faida yake mwenyewe.

Nje ya kioo daktari alikuwa amesikia. Alishusha simu.

"Nani angekufukuza?" aliuliza. "Dereva wangu anakula. Mlinzi anakula. Mimi bibi yangu alinilisha figo mpaka nikaenda chuo. Ningekupa vidonge, ningekukaripia, na ungerudi jikoni."

Tsend alikuwa mbali na dirisha, na kioo kilikuwa kinene.

"Amesemaje?" aliuliza. "Wangekufanya nini?"

"Angenikaripia," Sevjid alisema.

"Basi?"

"Basi, wifi. Angenikaripia tu."